Ghost kwa Kiswahili ni nini? Maswali ninayoulizwa kila mara

Nafundisha Kiswahili jioni hapa Kampala. Wanafunzi wangu wengi ni watu wazima, kuna manesi, kuna polisi, kuna wafanyabiashara wanaofuata mzigo Nairobi na Dar, na tangu baraza la mawaziri lipitishe mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni walimu nao wameongezeka. Kila darasa jipya likianza, haipiti mwezi bila mtu kuniuliza kuhusu hili neno ghost, maana hapa Uganda tunalitumia kutwa, kwenye redio, kanisani, kazini, kwenye mapenzi. Nimechoka kuandika jibu lile lile kwenye WhatsApp kwa hiyo nimeyaweka yote hapa.

Haya mwalimu, ghost kwa Kiswahili ni neno gani?

Hakuna neno moja, na ukilitafuta hilo moja ndo utakosea. Mimi nawaambia watu wajiulize kwanza: huyo ghost amekufa, au hayupo, au amejificha? Kama amekufa na watu wanasema bado wanamwona au anawasumbua, huyo ni mzimu, wengine watasema mzuka. Kama hayupo kabisa ila jina lake lipo kwenye karatasi na pesa zake zinatoka kila mwezi, huyo ni hewa, yaani mfanyakazi hewa, mwanafunzi hewa, askari hewa. Kama yupo mzima wa afya ila hataki kuonekana, hapo inategemea, kuna kivuli na kuna vitenzi vizuri tu ambavyo nitavitaja huko chini.

Si niseme tu mzimu kwa yote? Watanielewa.

Watakuelewa, ila utaumiza watu bila kujua. Mwanafunzi wangu mmoja alileta habari ya gazeti kuhusu walimu wasiokuwepo wanaolipwa mishahara, akaitafsiri "Mizimu yafundisha shule za msingi". Darasa likacheka sana. Lakini kulikuwa na mama mmoja wa Mubende ameketi karibu na mlango, yeye alifunga daftari lake taratibu akaweka kalamu juu, hakusema kitu mpaka tulipotoka, ndo akaniambia mwalimu, muzimu kwetu ni mtu wa nyumbani.

Na ana haki kabisa. Kwa Luganda muzimu ni roho ya mtu wa ukoo aliyekwisha kufa, ni babu yako, ni bibi yako, na wapo watu wanaoamini hivyo mpaka leo na wanaishi na heshima hiyo. Neno lenyewe ni la zamani sana na limesambaa kwa Wabantu karibu wote: Wanyarwanda wana umuzimu, Washona wa Zimbabwe wana mudzimu, na kwa Watswana limepanda mpaka Modimo ndiye Mungu mwenyewe, halafu badimo ni wahenga. Sisi kwa Kiswahili tuna mzimu, tuna kuzimu ambako wafu wanakaa, na tuna zimwi wa kwenye hadithi, yule wa methali ya zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ni ukoo mmoja wa maneno. Pwani mzimu ni mpaka mahali penyewe watu walipokuwa wanapeleka sadaka, ndo maana Dar es Salaam kuna mtaa unaitwa Mzimuni. Sasa neno lenye uzito huo ukilibandika kwa mwizi wa mshahara umelishusha mno.

Mzimu, mzuka, pepo, jini: tofauti ni nini?

Watu wanachanganya hapa kila siku, na kusema kweli hata wasemaji wa kuzaliwa wanachanganya.

Mzimu nimeshasema, ni wa mtu aliyekufa, na ana ukoo. Mzuka unatokana na kuzuka, kutokea ghafla, kwa hiyo ni kile kitu kinachokutokea njiani usiku, hujui ni cha nani wala kimetoka wapi. Ukitaka kutafsiri hadithi ya Kizungu ya mtu mweupe anapita ukutani kwenye jumba la zamani, tumia mzuka. Pepo ni roho inayompanda mtu, na angalia lilivyo karibu na upepo, maana watu wa kale waliona roho na upepo ni kitu kimoja, huoni lakini unasikia. Pepo si lazima awe mtu aliyekufa. (Na usichanganye na pepo ya peponi, kule kuzuri, hilo ni jambo lingine ingawa linaandikwa vile vile.)

Jini sio ghost kabisa. Kwa Waislamu jini ni kiumbe chake, ameumbwa kwa moto, anazaliwa na anakufa na ana dini yake, hakuwahi kuwa binadamu hata siku moja. Kwa hiyo mtu akikwambia marehemu fulani amekuwa jini, hapo kachanganya.

Na basezi je? Si magosti hao?

Hapana. Basezi ni watu hai wanaosemekana kuzunguka usiku na kufukua makaburi, Waganda wanaweza kukueleza vizuri kuliko mimi. Kiswahili chake kilicho karibu ni wanga, mmoja anaitwa mwanga. Mtu hai hawezi kuwa mzimu.

Kwanini Holy Ghost isiwe Mzimu Mtakatifu?

Swali hili nalipenda kuliko yote, na aliyeniuliza mara ya kwanza alikuwa katekista, alikuwa anauliza kwa dhati.

Ghost ya Kiingereza cha zamani haikuwa ya kutisha. Ilikuwa gast, maana yake roho au pumzi, ni ndugu wa Geist ya Kijerumani. Hata ile h iliyokaa katikati haikuwepo, inasemekana ililetwa na wachapaji. William Caxton, aliyepeleka mashine ya kuchapa Uingereza mwaka 1476, alikuwa ameishi miaka mingi kule Bruges, na watu wa kule walikuwa wanaandika gheest, ndo h ikaingia na haijatoka mpaka leo. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilipoandika Holy Ghost watu walisikia roho tu, hakuna aliyefikiria shuka jeupe. Baadaye ghost ikabaki kwa wafu, ndo matoleo mapya mengi yakahamia Holy Spirit.

Sisi tulichukua roho kutoka Kiarabu na ikatutosha, inafanya kazi zote. Biblia ya 1611 inasema Yesu msalabani aligive up the ghost, yetu inasema alikata roho, na mpaka leo mgonjwa akifariki hospitali tunasema amekata roho saa fulani, mtu hata hakumbuki kwamba ni maneno yale yale yaliyomo kwenye Biblia. Angalia pia Mathayo 14, wanafunzi wanapomwona Yesu anatembea juu ya maji. Biblia yetu ya zamani inasema walipiga kelele kwamba ni kivuli. Kivuli! Mimi naona ni tafsiri nzuri sana, maana usiku ziwani unachoona ni umbo tu, huoni mtu.

Na hicho kivuli kipo kwa majirani zetu pia. Waacholi Roho Mtakatifu wanamwita Tipu Maleng, na tipu ni kivuli cha mtu na ni roho yake pia. Waganda wanasema Mwoyo Mutukuvu. Sasa hapa Mswahili anajikwaa, anadhani ni moyo huu unaodunda, kumbe kwa Luganda omwoyo ni roho na wa kudunda ni omutima, ambao kwa Kiswahili bado upo kwenye mashairi, mtima. Mwanafunzi Mganda akiniandikia "moyo mtakatifu" najua kabisa ametoka wapi, simfokei.

Historia yetu wenyewe inaonyesha haya sio maneno ya kuchezea. Mwaka 1986 Alice Auma kule Acholi alisema roho inaitwa Lakwena inasema kupitia kwake, lakwena kwa Kiacholi ni mjumbe, na lile kundi lake likaitwa Harakati ya Roho Mtakatifu. Walitembea kwa vita mpaka karibu na Jinja, wakashindwa huko mwaka 1987, watu wengi sana wamelala njiani. Yeye alikimbilia Kenya akafia huko mwaka 2007. Kwa waliopoteza ndugu kwenye vita hiyo neno roho lina uzito wake.

Nimesikia watu wa kaskazini wanataja cen. Tafsiri yake ni mzimu?

Mzimu peke yake haitoshi. Cen ni roho ya mtu aliyekufa vibaya, ameuawa, au maiti yake imeachwa porini bila kuzikwa kwa heshima, na inarudi kumsumbua aliyemuua, familia yake, hata mtu aliyepita tu pale mahali. Baada ya vita vya waasi wa LRA watoto waliotekwa walirudi nyumbani wakiwa hawalali, wanaona waliouawa, na wazee walisema ni cen. Ndo maana kulikuwa na ile ya kukanyaga yai kabla ya kuingia nyumbani, nyono tong gweno, na kwa mambo ya kuua kuna mato oput, kunywa kitu kichungu pamoja kati ya koo mbili baada ya kukubali kosa na kulipa fidia. Daktari anaweza kuuita ugonjwa wa kiwewe na hajakosea, ila cen ina kitu ambacho kiwewe hakina, ina deni. Kuna mtu amekosewa na bado anadai. Mimi nikitafsiri naliacha cen kama lilivyo halafu naeleza mara moja: roho ya aliyekufa kwa dhuluma.

Mfanyakazi hewa ni nani hasa, na mbona "hewa"?

Hewa kwa sababu ukienda kumshika hakuna kitu, ila jina lipo. Neno hili limeshika sana Tanzania hasa mwaka 2016, serikali ilipofanya uhakiki na kutangaza kuondoa zaidi ya watumishi hewa 10,000. Kenya wanalitumia pia. Hapa kwetu wengi bado wanasema magosti, nami naomba tuhamie kwenye hewa.

Wapo wa aina tatu. Kuna ambaye hakuwahi kuwepo, jina limebuniwa na mtu mwenye uwezo wa kuingiza majina kwenye orodha ya mishahara, na akaunti ya benki ni ya kwake au ya shemeji yake. Kuna aliyeacha kazi, ameenda Dubai au amefungua duka, lakini mshahara unaendelea na anagawana na mkubwa anayesaini mahudhurio. Halafu kuna marehemu. Mtu amekufa, ripoti haijafika juu au imefika ikakaliwa, na mshahara unatoka. Siku hizi wanalinganisha orodha na ile namba ya NIN ya kitambulisho cha taifa na imesaidia, ila mashine inakamata namba tu, mtu anayesaini kwa ajili ya marehemu haikamati.

Hiyo ya tatu inaniuma mimi binafsi. Nimekulia Busia, shangazi yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, darasa la pili miaka yote, alikuwa anatembea na chaki kwenye mfuko wa gauni mpaka kanisani. Tulimzika. Karibu mwaka mzima baadaye ofisi moja ilibandika orodha ya walimu kwenye ubao wa matangazo nje, karatasi imepigwa jua mpaka imekuwa ya njano, na binamu yangu alikuwa amepita kufuata mambo yake akasoma jina la mama yake, la katikati ya orodha, na pembeni kuna tiki ya wino wa bluu. Yupo. Anafundisha. Alinipigia simu hata kuongea hawezi, na mimi nilidhani kuna msiba mwingine. Ndo siku niliyoelewa kwamba ghost ya aina mbili inaweza kukaa kwenye jina moja.

Na wanafunzi hewa, askari hewa, wakimbizi hewa?

Ni mbinu ile ile, kinachobadilika ni kinachohesabiwa. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza mwaka 1997 shule zikawa zinapata pesa kwa idadi ya watoto, kwa hiyo mwalimu mkuu asiye mwaminifu anaongeza majina kwenye rejista, na siku ya wakaguzi anaazima watoto wa shule ya jirani wakae kwenye madawati. Mtoto anaambiwa leo jina lako ni fulani. Hilo la kumfundisha mtoto kujibu jina la mtoto ambaye hayupo mimi naliona baya kuliko hata pesa yenyewe.

Askari hewa ni hatari zaidi maana adui hapigani na karatasi. Kamanda anapokea mishahara na posho ya kikosi kizima, kwenye handaki wapo nusu tu, na hao nusu ndo wanakufa. Jeshi letu lilichunguza jambo hili miaka ya mwanzo ya 2000 na kesi zikafika mahakama ya kijeshi. Sio letu peke yetu, mwaka 2014 waziri mkuu wa Iraq alitangaza wamekuta askari hewa 50,000, miezi michache tu baada ya mji wa Mosul kuanguka.

Wakimbizi inabidi uwe makini ukisema. Mwaka 2018 Uganda na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, walihakiki wakimbizi wote kwa alama za vidole na macho. Hesabu ya awali ilikuwa kama milioni 1.4, waliopatikana ni kama milioni 1.1. Wengine waliopungua walikuwa wamerudi kwao, wengine wamehama, wengine walijiandikisha mara mbili, na ndiyo, kulikuwa na tuhuma za majina ya kubuni. Kwa hiyo usimwite mkimbizi aliyerudi Sudan Kusini "hewa". Hewa ni lile jina, na aliyelitunga ni mtu mwenye ofisi.

Jamaa amenighost. Nisemeje kwa Kiswahili?

Pole kwanza. Vijana wanasema amenigosti, nimegostiwa, na kwenye meseji mimi sina ugomvi nayo, kamusi ya Merriam-Webster yenyewe iliingiza maana hiyo mwaka 2017 tu, sote tunajifunza. Ila Kiswahili kina hazina hapa. Ameingia mitini. Amekula kona. Ameyeyuka. Amenipotezea, hii ndo iliyo karibu zaidi kwa maoni yangu, maana yupo, anaonekana onlaini, tiki mbili za bluu zimeshakaa hapo, na amechagua tu kukuacha bila neno. Usiseme "amekuwa mzimu wangu", nimeisoma hiyo kwenye insha na nikasikitika.

Ghost writer ni mwandishi hewa?

La, na hili ni muhimu kama unaandika mkataba. Mwandishi hewa maana yake hakuna mwandishi. Huyu yupo na ndiye aliyefanya kazi yote, jina lililoandikwa juu ya kitabu ndo la mwingine. Sema mwandishi wa kivuli. Lakini sasa usije ukachanganya na waziri kivuli wa bungeni, huyo ni wa upinzani anayemfuatilia waziri, hajifichi hata kidogo, anaongea kuliko wote.

Ghost town, ghost net, ghost pepper... nazo?

Ghost town ni mahame, neno zuri sana la mahali palipohamwa na watu, kama Kolmanskop ya Namibia, mji wa almasi ulioachwa kabisa mwaka 1956 na sasa mchanga umejaa mpaka vyumbani. Kama watu wamejifungia tu, kama Kampala ilivyokuwa wakati wa lokdauni ya 2020, sema mji umekuwa kimya kama makaburi, sio mahame. Ghost net ni nyavu zilizopotelea ziwani. Wavuvi wa Ziwa Victoria wanazijua, nyavu ya nailoni haiozi, imekatika kamba lakini inaendelea kunasa sangara na sato mwaka baada ya mwaka na hakuna anayekuja kuwatoa, wanaozea humo humo. Mimi nasema nyavu zilizotelekezwa, watu wanaelewa. Ghost pepper ni pilipili ya India tu, kali sana, acha na jina lake.

Na aliyekatwa mguu kwa bomu la ardhini akakwambia vidole vinamuwasha, anasema kweli, hajarogwa. Madaktari wanajua hali hiyo tangu karne ya 16, ubongo bado unatunza nafasi ya ule mguu. Mwite mguu usiokuwepo. Usimwambie hewa, tafadhali.

Usiku nakabwa kitandani, nimeamka lakini siwezi kusogea wala kupiga kelele. Ni ghost?

Hilo Kiswahili kinaliita jinamizi na limewapata watu wengi sana, hata mimi. Ukiwa kwenye ndoto ubongo unazima misuli ili usiruke ruke, na mara nyingine akili inaamka kabla misuli haijafunguliwa, ndo unahisi kuna mtu amekukalia kifuani. Linapita lenyewe ndani ya dakika chache. Kulala chali na kukosa usingizi wa kutosha kunaliongeza, kwa hiyo anzia hapo, na likizidi muone daktari.

Mtanzania ameniambia "nina mzuka leo". Nikimbie?

Kaa hapo hapo. Kwa vijana wa Tanzania mzuka ni mori, hamasa, raha iliyopanda. Mzuka umepanda maana yake yuko tayari kwa kazi au kwa ngoma.

Mwalimu, lile jina la shangazi yako lilitolewa?

Mnaniuliza sana hili tangu nilipolisimulia darasani. Lilitolewa, ila tulienda mara tatu. Mara ya kwanza walitaka cheti cha kifo, ya pili wakataka barua ya chairman wa LC, yaani baraza la mtaa, ya tatu tulikwenda na baba, amevaa koti lake la msibani kwenye joto lile la Busia. Kijana wa mezani hakuwa na ubaya, alikuwa na faili nyingi mbele yake tu, akauliza bila kuinua macho, nyie ndo wa yule gosti wa darasa la pili? Baba akavuta kiti akaketi. Akamwambia mwanangu, huyo ni dada yangu, andika marehemu. Yule kijana akaomba radhi, akachukua kalamu, akaandika marehemu mbele ya jina, akauliza herufi za jina la pili ili asikosee.